Chungu kimoja, wateja wanne: kisa cha pyuta ya Selangor

Mwaka 1885 kijana wa Kichina aitwaye Yong Koon alipanda meli Shantou, bandari ya jimbo la Guangdong, akafika Kuala Lumpur, katika Selangor, Malaysia ya leo. Mji ulikuwa ndiyo kwanza unajiinua. Mwaka 1881 moto uliuteketeza na mafuriko yakamalizia yaliyobaki, na nyumba za matofali zilikuwa zinaanza kuchukua nafasi ya vibanda vya miti na makuti. Kilichouweka mji ule pale ni bati. Wachimbaji walipanda Mto Klang mwaka 1857 hadi unapokutana na Gombak, wakaingia msituni kuchimba. Yong Koon hakuja kuchimba. Kazi yake ilikuwa kufua pyuta, metali ambayo sehemu yake kubwa ni bati, na hapa malighafi ilikuwa mlangoni.

Duka liliitwa Ngeok Foh, maana yake amani ya jiwe la jade. Leo urithi wake ni Royal Selangor, kampuni yenye kiwanda Setapak, Kuala Lumpur, kinachotengeneza makopo ya bia, mabuli, vito, vikombe vya ushindi na sanamu. Kati ya duka lile na kiwanda hiki mteja mkuu amebadilika mara kadhaa: kwanza familia ya Kichina yenye madhabahu ya mababu, kisha Mwingereza wa enzi ya ukoloni, kisha mnunuzi wa zawadi, na mwisho mkusanyaji wa sanamu. Karakana nyingi za umri ule zilikufa na mteja wao wa kwanza. Hii haikufa, na sababu inayotajwa mara nyingi, yaani bidii ya familia, haitoshi. Familia zenye bidii zimefilisika tele. Tunavyoona sisi, jibu kubwa liko ndani ya chungu: pyuta ni metali isiyomfunga fundi kwa bidhaa moja, ila kila mteja mpya alidai jambo moja libadilike, na aliyelikosa alitoka sokoni.

Metali yenyewe

Tuondoe kwanza mkanganyiko wa jina. Bati tunalolizungumzia si bati la kuezekea, ambalo ni chuma kilichopakwa zinki. Ni ile metali nyeupe laini ambayo vitabu vya kemia huiita stani. Huyeyuka kwa nyuzi 232 za Selsiasi, joto ambalo hata jiko la mkaa la kawaida hulifikia bila shida. Likiwa peke yake ni laini mno: kipini cha buli kitapinda kwa kushikwa tu. Ndipo huongezwa metali ya antimoni ili liwe gumu, na shaba kidogo ili lisivunjike kirahisi.

Kwa kazi ya kumimina, kilo 10 za pyuta zinaweza kuwa na bati kilo 9.2, antimoni gramu 750 na shaba gramu 50. Kwa bamba la kufua na kukunja, antimoni hupunguzwa hadi karibu gramu 700 na shaba huongezwa hadi gramu 200, na zilizobaki zote huwa bati. Royal Selangor wenyewe hutaja bati la asilimia 92 hadi 97, sehemu nyingine ikiwa shaba na antimoni.

Kuchanganya ndiko kunakowaponza wanaoanza. Antimoni huyeyuka kwa nyuzi 631 na shaba kwa 1,085. Anayetupa kipande cha shaba ndani ya chungu cha bati chenye nyuzi 300 atakikuta kimezama chini karibu vilevile alivyokitupa, na akikazana kuongeza moto, bati la juu litaungua na kugeuka mavi, yaani takataka ya metali. Dawa ni mchanganyiko mama: bati kidogo na shaba nyingi huyeyushwa pembeni kwa moto mkali, humiminwa vipande, kisha vipande hivyo hupimwa na kuingizwa kwenye chungu kikubwa, ambamo huyeyuka kwa upole.

Tabia mbili za pyuta ndizo zinazobeba kisa hiki chote. Ya kwanza, haikakamai kwa nyundo. Fedha na shaba zikifuliwa hukakamaa, na fundi hulazimika kuzirudisha motoni mara kwa mara ili zilainike. Pyuta hufuliwa kuanzia asubuhi hadi jioni bila kurudi motoni. Ya pili, kila kilichoharibika hurudi chunguni: mikia ya kumiminia, vumbi la tupa, kopo lililotoka na tundu, sanamu ya mwaka jana isiyonunuliwa. Anayejaribu umbo jipya hapotezi metali. Hupoteza moto, saa zake, na kiasi kidogo kinachoungua juu.

Tabia hii ya pili ina mtego. Takataka zenye lehemu ya bismuthi au ya risasi hazipaswi kurudi kwenye chungu safi, na kipande kidogo cha alumini au zinki kitaharibu chungu kizima: uso wa metali hufanya ngozi nzito, na vitu hutoka na mikunjo isiyoisha. Karakana yenye nidhamu huwa na madebe tofauti ya takataka, na haikubali chakavu kutoka nje bila kukipima.

Chetezo na kinara

Bidhaa za mwanzo za Ngeok Foh zilikuwa vyetezo, vishikizi vya vijiti vya ubani na vinara vya mishumaa kwa ajili ya madhabahu za nyumbani. Soko lilijileta lenyewe, kwa kuwa Wachina wa migodini na madukani walihitaji vyombo vya kuwatambikia wazee wao.

Mtu anaweza kushangaa: chombo cha moto kinatengenezwaje kwa metali inayoyeyuka kabla hata ya karatasi kuwaka sawasawa? Siri ni majivu. Vijiti vya ubani huchomekwa kwenye majivu au mchanga uliojazwa ndani ya chetezo, na majivu hayapitishi joto haraka. Ncha inayowaka iko juu, mbali na ukingo. Kinara nacho kilihitaji nafasi kati ya utambi na metali, kwa sababu mshumaa ukiachwa uishe hadi chini ungeweza kulegeza kitako chake.

Mafundi wa pyuta wa kusini mwa China walianzia kwenye bamba. Mawe mawili bapa hubandikwa karatasi tabaka kadhaa, pyuta humiminwa juu ya la chini, la juu hushushwa haraka, na katikati hutoka bamba jembamba. Karatasi haiwaki ovyo kwa sababu metali hupoa upesi. Huzuia bamba lisishike kwenye jiwe, nayo huachia hewa itoke. Bamba hukatwa kwa mkasi, huviringishwa kwenye gogo la mti lenye umbo linalotakiwa, na kingo huunganishwa kwa lehemu.

Kilichofuata ni jani. Kung'arisha kulifanywa kwa jani gumu la msitu wa kitropiki ambalo kwa Kiingereza huitwa jani la jiwe. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa: karatasi yetu ya kusugulia ilipata jina la msasa kutokana na mti wenye majani ya aina hiyohiyo, ingawa mti wa Malaya ni mwingine. Jani hukaushwa, kisha huloweshwa hadi lilainike na kukunjika kama kitambaa, na chombo husuguliwa kikiwa kinazunguka. Setapak jani hili bado linatumika, na si kwa maonyesho tu. Chembe za karatasi ya msasa hung'oka na kujichimbia ndani ya metali laini, zikaacha vidoa vya kijivu ambavyo hakuna kitambaa kitakachovitoa. Jani haliachi chembe, na huufuata mbinuko wa chombo badala ya kuukwangua. Mng'ao wake ni wa hariri, hauakisi sura ya mtu kama kioo. Ndio mng'ao ambao wanunuzi walikuja kuujua kuwa wa pyuta ya Selangor.

Kopo la bia

Mwingereza wa koloni alipoingia dukani, hakutaka chetezo. Alitaka kopo la bia lenye mkono, kisahani cha majivu ya sigara, chombo cha maua, na seti ya chai. Mtazamaji wa nje angesema ni uamuzi wa biashara tu: badilisha umbo, uza. Kwa fundi mabadiliko yalikuwa manne, na hapa panastahili kukaa kidogo.

La kwanza ni mdomo. Chetezo hakinywewi. Pyuta nyingi ya zamani iliwekwa risasi kwa sababu risasi ni ya bei rahisi na humiminika vizuri, lakini bia, divai na maji ya limau huila risasi na kuishusha tumboni. Pyuta yenye risasi pia hugeuka nyeusi kwa haraka. Chombo kinachogusa mdomo kinadai aloi, yaani mchanganyiko wa metali, isiyo na risasi, na siku hizi kanuni za Marekani na Ulaya zimeweka kikomo kidogo sana cha risasi inayovumiliwa. Karakana inayouza makopo haiwezi kuwa na chungu cha risasi na chungu cha chakula vikichanganyiwa upawa mmoja.

La pili ni idadi. Klabu haiagizi kopo moja. Huagiza dazeni mbili, zote sawa. Bamba la kukunja kwa mkono huleta dazeni mbili zenye vipimo ishirini na nne. Kwa hiyo kazi ya namna hii huhamia kwenye kalibu ya chuma, inayorudia umbo lilelile maelfu ya mara. Kalibu baridi haifai. Vimiminwa vitano sita vya kwanza vya asubuhi hutoka na makunyanzi usoni kwa sababu metali hukutana ikiwa imeshaanza kuganda. Hivyo hurudi chunguni bila majonzi, kazi yao ni kuipasha moto kalibu. Ikishapata joto, metali ya nyuzi 280 hadi 320 huingia kwa mkupuo mmoja, bila kusita. Anayesita katikati huacha mstari unaozunguka kopo kama pete, na mstari huo ni ufa unaosubiri siku ya kuanguka. Moto ukizidi kosa linageuka: metali huchelewa kuganda, sehemu nene hunywea na kuacha vishimo, na uso hupata punje badala ya ulaini.

La tatu ni mkono wa kopo. Ukiwa umejaa metali ni mzito, hunywea, na hugharimu. Hivyo humiminwa wazi ndani: metali hujazwa kwenye kalibu, fundi huhesabu, kisha huigeuza juu chini. Iliyoganda kwenye kuta hubaki kama ganda, ya katikati hurudi chunguni. Hesabu hiyo haina jedwali la kudumu. Kalibu iliyopoa kidogo huganda mapema, na mkono hutoka mnene; kalibu iliyopata moto kupita kiasi huacha ganda jembamba kama la yai, linalobonyea kwa kidole. Fundi mzoefu hatazami saa. Hutazama mdomo wa kalibu: pete ya metali iliyoganda ikitambaa kuelekea katikati hadi kufikia unene anaoutaka, hugeuza.

La nne ni kiungo. Pyuta huanza kulegea karibu na nyuzi 245, na lehemu ya bati na risasi huyeyuka kwa 183. Nafasi iliyobaki ni nyuzi sitini na kitu, na mwali wa moto hauheshimu nafasi hiyo: ukikaa mahali pamoja sekunde mbili zaidi, ukuta wa kopo hutoboka na tundu hupanuka mbele ya macho yako. Lehemu ya bati na bismuthi huyeyuka kwa 138 na humpa fundi pumzi, tena haina risasi, ila ni kavu na huvunjika ikipigwa. Dawa ya kulehemu ya kale na nzuri ni gliserini mililita 30 na matone 10 ya asidi hidrokloriki. Isipooshwa kwa maji moto mara baada ya kazi, hurudi baada ya wiki kama doa jeusi chini ya kiungo. Ulaya mafundi walikuwa na njia nyingine: walijaza mchanga kwenye mfuko wa kitani, wakaukandamiza ndani ya kopo, wakaweka kalibu ya mkono kwa nje na kumimina moja kwa moja juu ya ukuta ili metali mpya iyeyushe ya zamani na kushikana nayo. Makopo ya namna hiyo yanatambulika hadi leo. Ukiingiza kidole ndani, pale mkono uliposhikana na ukuta, utagusa alama ya ufumaji wa kile kitani.

Nyundo ilikuja kama pambo. Kwa kuwa pyuta haikakamai kwa kufuliwa, vishimo vidogo vinavyofunika kopo havitiwi ili kuimarisha ukuta. Vinatiwa kwa ajili ya jicho. Kila pigo huacha kishimo kimoja, na vishimo hupangwa kwa jicho tupu, safu juu ya safu. Pigo haliwezi kufutwa. Uso wa nyundo lazima ung'arishwe hadi uwe kioo, maana mkwaruzo mmoja juu yake utajichapa mara mia tatu kwenye kopo. Nyundo ikiinama kidogo, ukingo wake huacha mwezi mwandamo, na kopo lenye miezi miandamo halina tiba zaidi ya chungu.

Familia, vita na buli

Watoto wa Yong Koon hawakudumu chini ya dari moja. Biashara iligawanyika, kila upande na alama yake. Iliyostahimili ni Selangor Pewter, ya mwanawe Yong Peng Kai. Mgawanyiko wa namna hii ni hatari ya kawaida ya karakana ya familia, na kwa pyuta hatari hiyo ni kubwa kuliko kwa ushonaji au uselemala, kwa sababu utajiri wote uko kwenye kalibu. Fundi akihama na mikono yake, kiwanda kitafundisha mwingine. Akihama na kalibu, amehama na miaka kumi ya kuchonga chuma.

Wajapani waliingia Kuala Lumpur tarehe 11 Januari 1942. Kuna kisa kinachosimuliwa kuhusu buli lenye umbo la tikiti alilobuni Yong Koon. Wakati wa vita mwanakijiji aliingia ghalani kutafuta chakula, akaliona buli sakafuni, akainama kuliokota, na risasi ikampita juu ya mgongo. Buli hilo limetunzwa, na wenyewe huliita la bahati. Ukweli wa risasi tunawaachia wasimulizi. La maana kwa uchambuzi ni kwamba umbo lenyewe limeendelea kutengenezwa, maana tikiti lina mifereji, na mifereji huimarisha ukuta mwembamba kuliko duara tupu. Ni ubunifu wa fundi aliyeijua metali yake.

1985 na hesabu ya bati

Mwaka 1979 Sultani Salahuddin Abdul Aziz Shah wa Selangor aliwapa hati ya kuwa mafundi pyuta wa kifalme. Mwaka 1985 kampuni ilitimiza miaka mia moja na kutengeneza kopo la bia lenye kimo cha mita 1.987, uzito wa kilo 1,557 na ujazo wa lita 2,796, ambalo liliingia kwenye kitabu cha rekodi za dunia.

Oktoba 24 ya mwaka huohuo, Baraza la Kimataifa la Bati lililokuwa likishikilia bei kwa kununua ziada likaishiwa fedha. Biashara ya bati kwenye soko la metali la London ilisimamishwa bei ikiwa karibu pauni 8,100 kwa tani, na baada ya miezi kadhaa ilikuwa imeporomoka hadi karibu nusu. Migodi ya Malaysia ilifungwa kwa makundi.

Mtu angetarajia mtengenezaji wa pyuta ashangilie, kwani malighafi imepungua bei nusu. Hebu tupige hesabu. Kopo la gramu 400 kwa bei ya kabla ya anguko lina metali ya pauni 3.24 hivi. Baada ya anguko, pauni 1.62. Tofauti ni kama pauni moja na nusu kwenye kitu kilichopita kwenye upawa, tupa, jani, lehemu na nyundo za watu watano au sita. Hata lile kopo kubwa lisingezidi metali ya pauni 13,000. Uzito wa bei uko mikononi mwa mafundi. Ndiyo maana kiwanda hakikuanguka na migodi, wala hakikutajirika ghafla kwa anguko lao. Karakana inayoshindana kwa bei ya metali ingebadilika siku ile. Inayouza kazi ya mkono haikuwa na sababu.

Tishio halisi lilikuwa kwingine: mnywaji wa bia kwenye kopo la pyuta alikuwa anatoweka. Kampuni iliita wabunifu wa nje, miongoni mwao Mdenmark Erik Magnussen, waliochora vyombo visivyo na nakshi, laini, vya meza ya ofisi na sebule ya kisasa. Mwaka 1992 jina likawa Royal Selangor, na neno pyuta likatolewa. Kulitoa kulieleweka, maana kundi lilikuwa na Selberam, chapa yake ya vito vya dhahabu na mawe, na mwaka uliofuata likainunua Comyns, karakana ya fedha ya London.

Kuna jambo la kiufundi ambalo mtu wa mahesabu hulipita. Pyuta, fedha na dhahabu hazilali kitanda kimoja. Vumbi la pyuta likidondokea pete ya fedha na pete hiyo ikaingia motoni kulehemiwa, bati huingia ndani ya fedha na kuitafuna, likaacha mashimo ambayo hayazibiki. Sonara anayejua hutenga tupa, brashi, meza, hata aproni. Iwe ndiyo nia ya wenye kampuni au sivyo, kuziweka metali hizo kwenye chapa na karakana tofauti ni sahihi kwa mtazamo wa benchi.

Kito na sanamu

Kito cha pyuta kina mipaka ambayo mauzo hayapendi kuitaja. Pete yenye ukuta chini ya milimita moja na nusu itapinda mfukoni. Kucha za kushikilia jiwe hazifai, kwani hufunguka zikikwama kwenye nguo. Jiwe lizungushiwe ukuta kamili au ligundishwe. Mkufu wa viungo vya pyuta hauwezekani, viungo vitafunguka kwa kuvutwa, hivyo kidani huwa cha pyuta na mkufu huwa wa chuma cha pua au fedha. Hereni huhitaji pini ya chuma cha pua. Pini hiyo haishikiki kwa lehemu laini bila dawa kali, kwa hiyo njia salama ni kuiweka kwenye kalibu na kumimina pyuta kuizunguka. Ikitakiwa rangi ya dhahabu, lazima tabaka la shaba litangulie. Dhahabu ikipakwa moja kwa moja juu ya pyuta huzama na kufifia. Upande wa faida, pyuta haina nikeli ndani yake, na hilo ni kubwa kwa mwenye ngozi inayowasha, mradi aliyepaka rangi hakuficha nikeli chini ya dhahabu.

Sanamu ni habari nyingine. Hapa pyuta iko nyumbani, na si ajabu kwamba mkusanyaji wa sanamu, zikiwemo za wahusika wa filamu zinazotengenezwa kwa leseni, amekuwa mteja muhimu. Kalibu ya chuma haiwezi kutoa kiwiko kilichokunjwa au mkunjo wa joho, kwa sababu sanamu haitatoka. Kalibu ya mpira hujikunja na kuachia. Kazi ya aina hii kwa kawaida huenda hivi.

Mchongaji huanza kwa nta, udongo au kompyuta, akiongeza ukubwa kwa asilimia 2 hadi 3 kwa sababu mpira hunywea na metali nayo hunywea. Nakala hiyo haiwezi kuingia kwenye mpira wa kuchoma, ingepondeka. Kwa hiyo hutengenezewa kwanza kalibu ya silikoni baridi, na ndani yake humiminwa nakala mama ya metali. Nakala mama hukatwa vipande mahali ambapo mshono utajificha: chini ya mkanda, kwenye ukosi, nyuma ya ngao. Vipande hupangwa kati ya sahani mbili za mpira mbichi, karibu na ukingo kuliko katikati, kisha hubanwa kwenye mashine yenye joto la nyuzi 150 hadi 170 kwa saa moja au zaidi kulingana na unene. Mpira ukishaiva, fundi huchonga kwa kisu njia za metali kutoka katikati na vijinjia vyembamba vya kutolea hewa. Kalibu hunyunyiziwa unga wa talki, hufungwa, huzungushwa, na pyuta humiminwa katikati ikisukumwa nje na mzunguko.

Makosa hujieleza yenyewe ukijua kuyasoma. Ncha ya upanga ikitoka butu wakati sehemu nyingine ni nzuri, hewa ilinaswa. Ongeza kijinjia, usiongeze moto. Ukingo wote ukiwa na utando mwembamba kama bawa la nzi, kasi ilikuwa kubwa au kalibu haikubanwa. Mgongo wa sanamu ukiwa na shimo la kunywea, mwili mnene uliganda mwisho na kukosa metali ya kujilisha, kwa sababu njia ilipitishwa mkononi, mahali pembamba, ikaganda kabla. Metali iingie kupitia sehemu nene. Ikishindikana, mwili hufanywa wazi ndani. Sanamu yenye ujazo wa sentimita za ujazo 60 itakuwa na gramu 438 ikijaa, maana pyuta ina gramu 7.3 kwa kila sentimita ya ujazo. Ni uzito unaompendeza mnunuzi kiganjani, lakini ni unene unaoalika vishimo. Kalibu ya mpira huchoka baada ya mamia kadhaa ya vimiminwa, na dalili ya kwanza ni uso wa sanamu: pua hupotea kabla ya kitu kingine.

Jani la msituni halina kazi hapa, haliingii kwenye mikunjo. Sanamu hutiwa dawa ya kuitia weusi, yenye chumvi za shaba na asidi, ikawa kama masizi mwili mzima. Kisha sehemu zilizoinuka hufutwa kwa unga laini na kitambaa: paji la uso, mafundo ya vidole, ukingo wa ngao. Weusi hubaki ndani ya mikunjo, na ndio unaofanya jicho lione kina ambacho pengine ni nusu milimita tu. Anayefuta kupita kiasi hubaki na sanamu bapa, na lazima aitie weusi upya. Mnunuzi anayeisugua nyumbani kwa dawa ya kung'arishia fedha hufanya kosa hilohilo bila kujua. Kitambaa kikavu, au maji vuguvugu na sabuni kidogo, yanatosha.

Upanga ukipinda, usiukunjue kwa koleo. Upashe joto kwa maji ya moto, uurudishe kwa vidole, polepole, katika mkunjo mmoja mrefu badala ya kona. Mara ya kwanza utarudi. Mara ya pili huenda. Mara ya tatu utavunjika pale ulipopinda mwanzo, na hapo ni lehemu ya bismuthi, kitambaa kibichi cha kukinga mkono wa sanamu, na ncha ya mwali mdogo kuliko wa kiberiti.